Mirathi Imefungwa, Mbona Deni Linaongezeka?



Leo nataka tuzungumze habari ya karatasi. Najua wengi wenu mkisikia habari ya karatasi mwageuza ukurasa mkatafute hadithi. Ngojeni kidogo. Karatasi ninayotaka kuwaeleza ilikaribia kulitia rehani shamba la mama mmoja wa huku kwetu milimani, na shamba lenyewe halikuwa na kosa lo lote.

Mama huyo alikuja ofisini kwangu siku ya Jumapili baada ya Misa, barua ameifunga katika pindo la kanga. Familia yake hutumia sanduku la barua la parokia, kama familia nyingi za hapa, na barua ilikuwa imefika juma lile. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akafungua fundo, akasema, "Mwalimu, nisomee. Nimesomewa na mjukuu, lakini nadhani amekosea sifuri."

Mjukuu hakukosea. Barua ilitoka kwa wakili mmoja wa mjini aliyeshughulikia mirathi ya marehemu mume wake. Ilisema kwamba familia inadaiwa shilingi 2,340,000 kwa "kazi ya ziada katika mirathi", zilipwe katika siku 14, kama sivyo shauri litapelekwa mahakamani. Hapakuwa na neno jingine zaidi ya hayo, ila muhuri na sahihi.

Sasa lazima niwaeleze habari ya nyuma. Marehemu alifanya kazi mjini Morogoro miaka mingi. Aliacha kiwanja chenye nyumba mjini, chenye hati, na fedha kidogo katika benki. Ukoo ulikaa kikao, ukaandika muhtasari, ukamchagua mwana mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, awe msimamizi wa mirathi. Yeye akamchukua wakili. Wakapatana kwa maandishi: shilingi 1,500,000 kwa "kazi yote ya mirathi tangu kufungua mpaka kufunga". Zikalipwa kwa mafungu 3 ya shilingi 500,000. Mahakama ikatoa barua za usimamizi, orodha ya mali ikapelekwa, hesabu za mwisho zikapelekwa, mirathi ikafungwa. Watu wakashukuru, Misa ya kumwombea marehemu ikasomwa. Miezi 8 ikapita. Ndipo ikaja barua ile.

Nataka kuungama mbele yenu. Siku ile nilimpa mama yule ushauri mbaya. Nilimwambia, "Mama, wakili ni mtu wa sheria. Kama amedai, pana sababu. Tafuteni fedha mlipe, msije mkapelekwa kortini." Nilisema hivyo kwa kuwa niliogopa muhuri, na kwa kuwa watu walikuwa wananingoja nje kwa ajili ya vyeti vya ubatizo. Ushauri wa haraka humgharimu mwingine, wala si yule aliyeutoa.

Mama akaondoka. Jumatano nikasikia ya kwamba amekwisha zungumza na mfanya biashara wa kabichi. Bwana huyo alikuwa tayari kumpa fedha yote, naye alime shamba la mtoni kwa misimu kadhaa mpaka fedha yake irudi. Shamba hilo ndilo lenye maji wakati wa kiangazi. Ninyi mnaolima karoti na kabichi hapa Mgeta mwajua maana yake: mwenye shamba la maji anauza wakati wengine wanatazama mawingu.

Aliyetuzindua ni mjomba wa watoto, ndugu wa mama yule. Hakusoma sana, lakini aliuliza swali moja ambalo mimi niliyesomea ualimu sikuliuliza. Alisema, "Shamba hilo ni la nani? Shemeji yangu alilikuta hapa, na ameliacha hapa. Deni la kiwanja cha mjini laingiaje katika shamba la ukoo wetu?"

Ndugu wasomaji, mzee huyo alisema kweli tupu. Kwa desturi yetu Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mume akifa, shamba la ukoo wa mke si mali ya marehemu. Haliingii katika orodha ya mirathi, wala halifai kulipa madeni ya mirathi. Na zaidi ya hayo, mama yule hakumwajiri wakili. Aliyemwajiri ni msimamizi. Mjane na warithi wengine ni watu wenye haki katika mirathi, lakini si wateja wa wakili. Wakili mwenye madai humwendea yule aliyempa kazi. Na msimamizi naye, kama kazi ilikuwa ya mirathi, hulipa kwa mali ya mirathi, si kwa shamba la mama yake.

Basi nikaona haya, nikampigia simu mwana mkubwa, nikaenda kwa mama nikamwomba radhi. Tukaanza upya. Nataka niwaeleze njia tuliyoifuata, maana jambo hili litawapata wengine. Watoto wetu wengi siku hizi wana viwanja mjini, akaunti za benki na mafao ya kazi, na mambo hayo hayamalizwi na kikao cha ukoo peke yake.

Kwanza yafaa kujua mirathi iliyofungwa ni kitu gani. Sheria ya mirathi, Sura ya 352, yamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali katika miezi 6 tangu kupewa usimamizi, na hesabu za mwisho katika mwaka 1. Katika Mahakama ya Mwanzo kanuni za mwaka 1971 zatoa muda mfupi zaidi, miezi 4. Msimamizi akiisha kugawa mali na kupeleka hesabu, kazi yake imekwisha. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililieleza jambo hili katika rufaa namba 71 ya mwaka 2012, iliyosikilizwa Tanga: msimamizi aliyekwisha gawa na kupeleka hesabu zake hana tena usimamizi wa kumvua. Kama usimamizi umekwisha, hakuna tena mfuko wa mirathi wa kuchotwa. Kwa hiyo mtu akija baada ya hapo na kusema "kazi ya mirathi", haki yenu ya kwanza ni kuuliza: kazi gani, ya siku gani, na nani aliyeiagiza?

Pili, yafaa kujua ya kwamba barua ya madai si hesabu. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, haimruhusu wakili kufungua shauri la kudai ujira wake kabla haujapita mwezi 1 tangu alipompa mteja hesabu yake. Basi zile siku 14 za barua yetu, isiyokuwa na hesabu, hazikuwa na nguvu tuliyodhani. Muhuri ulitutisha, na sisi hatukujua.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi barua ya namna hiyo itupwe motoni au ifungiwe sabuni. Deni la mapatano laweza kudaiwa kwa miaka 6. Anayenyamaza hafuti deni, huliacha lilale tu, nalo likiamka huamka na gharama. Jibu barua. Ijibu mapema, kwa adabu, na uweke nakala.

Tuliandika barua ya maneno machache. Tulimshukuru wakili kwa kazi aliyoifanya. Tukamwambia kwamba tunayo mapatano ya shilingi 1,500,000, na kwamba fedha hiyo imelipwa. Tukamwomba atupatie hesabu ya kazi ya ziada, kila kazi na tarehe yake, muda wake, bei yake, na jina la aliyeiagiza. Tukasema tutalipa kila kilicho haki. Msimamizi akatia sahihi, kwa kuwa yeye ndiye mteja. Mimi ni mwandishi tu.

Baada ya majuma 3 hesabu ikaja. Mwalimu akiona hesabu hufurahi hata kama ni ya deni. Nawawekea hapa kama ilivyokuwa:

Kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina katika hati ya kiwanja, shilingi 600,000.
Barua 4 kwa benki, shilingi 400,000.
Safari 2 za Mgeta, shilingi 500,000.
Simu na mashauri, shilingi 340,000.
Kutayarisha hesabu za mwisho za mirathi, shilingi 500,000.
Jumla, shilingi 2,340,000.

Jumla ni sahihi, hakuna sifuri iliyozidi. Lakini hesabu ikiwa na jumla sahihi haina maana kwamba ina haki. Tukakaa jioni moja, msimamizi amekuja kutoka Dar es Salaam, mjomba yupo, mama yupo, tukaipima kazi moja moja.

Tukaanza na ya mwisho. Hesabu za mwisho ni sehemu ya kufunga mirathi, na mapatano yalisema "tangu kufungua mpaka kufunga". Imekwisha lipwa. Barua za benki: tarehe zake zote zilikuwa kabla ya kufungwa. Nazo zimo katika mapatano. Safari za Mgeta: mama alikumbuka safari 1. Tukaenda ofisi ya kijiji, tukaomba kutazama daftari la wageni. Jina la wakili limo mara 1, wakati mirathi ilikuwa bado haijafungwa. Ile safari ya pili iliandikwa kuwa ilifanyika wakati wa masika, siku ambazo magari yalikwama katika barabara ya kutoka Sangasanga, na hakuna mtu aliyemwona. Simu na mashauri: hapakuwa na tarehe hata 1, wala hapakuandikwa ni nani aliyepiga.

Ikabaki ile ya kwanza, ofisi ya ardhi. Hapo msimamizi alinyamaza, akatazama chini. Kisha akasema, "Hiyo ni kweli. Baada ya mirathi kufungwa nilimpigia simu, nikamwambia anisaidie hati ihamishwe. Sikumwuliza bei. Nilidhani ni msaada."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo kiini cha habari yetu kilipo. Wakili alikuwa amezidisha, lakini na sisi tulikuwa na deni. Kazi ile ilikuwa mpya, haimo katika mapatano, na iliagizwa kwa maneno matupu ya simu. Fundi akimaliza kuezeka nyumba, nawe ukamwita tena akutengenezee mlango, huwezi kusema mlango ulikuwamo katika bei ya bati. Maandiko yatufundisha kumpa mtenda kazi haki yake, na wakili naye ni mtenda kazi. Mkristu anayekataa kulipa deni la haki kwa sababu mwenye kudai ni tajiri amevunja amri ile ile inayovunjwa na tajiri anayemwonea maskini.

Tukaomba siku, tukaenda mjini. Nilidhani tutapigiwa kelele. Sivyo. Wakili alitukaribisha, akatupa viti. Tulimweleza kazi moja moja, tukamwonyesha mapatano, risiti na nakala ya ukurasa wa daftari la kijiji. Alisoma kwa muda mrefu. Akasema hesabu ilitayarishwa na mwandishi wake kutoka katika faili zima, bila kutazama mapatano ya kwanza. Kama ni kweli au si kweli, hilo ni kati yake na Mungu. Alifuta kazi 4. Kwa ile ya ofisi ya ardhi, msimamizi alikuwa amekwenda mwenyewe mara moja kuchukua karatasi, basi wakapatana shilingi 450,000. Akalipa siku ile, akapewa risiti ya mashine, pamoja na barua yenye sahihi isemayo kwamba hakuna deni jingine juu ya mirathi ile. Shamba la mtoni limebaki na mwenyewe. Msimu huu limepandwa njegere.

Lakini mtaniuliza: je, wakili angekataa? Swali zuri. Njia ipo, nayo ni ya halali.

Ujira wa mawakili una kanuni zake. Kanuni zinazotumika zilitangazwa katika Tangazo la Serikali namba 264 la mwaka 2015. Kama mteja na wakili hawapatani juu ya gharama, hesabu hupelekwa mbele ya afisa wa Mahakama aliyewekwa kuikadiria. Katika Mahakama Kuu kazi hiyo hufanywa na Msajili au Naibu Msajili. Yeye hutazama kila kazi: je, ilifanywa? Je, ilikuwa ya lazima? Je, bei yake ni ya kadiri? Isiyostahili hukatwa. Na kanuni ina meno. Zaidi ya sehemu ya sita ya hesabu ikikatwa, yule aliyeileta hapati gharama za shughuli ile ya kukadiria. Fanyeni hesabu pamoja nami. Sehemu ya sita ya shilingi 2,340,000 ni shilingi 390,000. Sisi kilichokatwa ni shilingi 1,890,000. Mwaona jinsi mwenye kudai kupita kiasi anavyojitia hatarini. Na asiyeridhika na ukadiriaji, awe mteja au wakili, aweza kumwendea Jaji wa Mahakama Kuu katika siku 21.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza, ambako desturi nyingi za mahakama zetu zilitoka, kuna familia zinazoweka mali zao katika amana ziangaliwe na wadhamini, na amana ikifungwa hutokea magomvi haya haya ya "kazi ya ziada". Sheria yao ya mwaka 1974 yampa mteja mwezi 1 wa kuomba, kama haki yake, hesabu ikadiriwe na mahakama. Kwao kipimo ni sehemu ya tano: ikikatwa kiasi hicho au zaidi, kwa kawaida wakili ndiye hubeba gharama za ukadiriaji. Basi msidhani kuuliza hesabu ni ushamba wa watu wa milimani. Matajiri huuliza pia.

Na mahakimu wenyewe wamekwisha lifikiri jambo hili. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Premchand Raichand na Quarry Services, ilieleza misingi ya kukadiria gharama. Kwa maneno yangu mimi, ilisema hivi: gharama zisipande hata mahakama ikawa ya matajiri peke yao, wala zisiwe ndogo hata watu wenye akili wakaikimbia kazi ya uwakili. Naona ni maneno ya haki kwa pande mbili. Maskini anahitaji mlango wa mahakama uwe wazi, na ndani ya mlango anahitaji mtu anayejua kazi.

Zamani mtu wa Mgeta aliyetaka Mahakama Kuu alikuwa akiielekea Dar es Salaam. Tangu mwaka 2021 Morogoro ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, na Mahakama Kuu imo humo. Si karibu kama kisima, lakini mtu aweza kwenda akiwa na karatasi zake.

Tena tofautisheni mambo mawili. Kugombea bei ni jambo moja. Mwenendo mbaya ni jambo jingine. Kama wakili amekula fedha ya mteja, au amedanganya, au ameshika hati za watu kwa hila, malalamiko yake hupelekwa kwa Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji. Kamati hiyo yaweza kumwonya, kumsimamisha, hata kumfuta katika orodha. Lakini msikimbilie huko kwa sababu tu bei ni kubwa. Kumshitaki mtu mwizi kabla ya kumwuliza hesabu ni dhambi ya ulimi.

Na asiye na fedha ya kumwuliza wakili mwingine asikae gizani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao ni wa bure. Ulizeni katika halmashauri, huko Mvomero au mjini. Lakini jihadharini na vishoka, watu wanaojiita mawakili na kumbe hawamo katika orodha. Wakili wa kweli ana cheti cha mwaka huu cha kumruhusu kufanya kazi. Kumwomba akuonyeshe si tusi.

Sasa nawapa mashauri yangu, myakate mkayabandike ukutani kama mwapenda.

La kwanza, kabla ya kumpa wakili kazi, andikeni mapatano. Andikeni kazi inayoanza hapa na kuishia pale, bei yake, na nani mwenye kuagiza. Ongezeni mstari mmoja: "Kazi yo yote ya ziada haitafanywa wala kudaiwa bila bei kupatanwa kwanza kwa maandishi." Mstari huo mmoja ungetuokoa sisi na majuma mengi ya kukosa usingizi.

La pili, mtu mmoja aagize. Kama mwana apiga simu, binti apiga simu, na shemeji apiga simu, kila simu ni kazi na kila kazi ni fedha.

La tatu, wekeni daftari. Sisi tulikuwa na risiti 2 tu kati ya 3. Ile ya tatu ilipotea, na tulisalimika kwa kuwa fedha ilipelekwa kwa simu na ujumbe ulikuwa haujafutwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na mirathi ndiyo mali inayopotea upesi kuliko zote, kwa sababu mwenyewe hayupo kuulizwa.

La nne, madai yakija, msilipe wala msikatae kabla ya kuona hesabu. Ombeni hesabu kwa maandishi, ipimeni kazi moja moja, lipeni iliyo haki, pingeni isiyo haki. Na mkilipa, chukueni risiti pamoja na barua ya kumaliza deni.

La tano, msiuze wala kuweka rehani kitu cho chote kwa hofu ya barua. Ulizeni kwanza swali la mjomba: kitu hiki ni cha nani, na deni hili ni la nani?

Nimemaliza, ila neno moja. Kila mwaka mwezi wa Novemba twaleta majina ya marehemu wetu, nami huyaandika katika kitabu ili Padre awaombee. Ni kazi niipendayo. Lakini naona mara nyingi ya kwamba jina laandikwa leo na warithi walioliandika, nao hawasemezani, kwa ajili ya kiwanja au fedha ambayo haijulikani iliishia wapi. Tukiwaombea marehemu, tuziweke sawa na hesabu zao. Ni sadaka nayo, na haihitaji sauti nzuri ya kuimba.

Mama yule alipokuja tena ofisini hakuleta barua. Aliniletea njegere katika kikapu. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyekushauri vibaya." Akacheka, akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini ulirudi kuniuliza." Nikazipokea. Risiti sikumwandikia.

Karani wenu wa parokia,
Mgeta.